Sahani ya Kijani

Tii.

Ndivyo mizani ndogo ya jikoni inavyolia ikiwashwa, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Kulikuwa bado giza. Nilikuwa nimelala sebuleni, kwenye godoro lililotandikwa kati ya cherehani na ukuta, na kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo nilimwona mjukuu wangu amesimama mbele ya meza ya jikoni, mwanga wa simu ukimpiga usoni. Alikuwa anapima vipande vya tango. Anaweka kimoja, anasoma, anakiondoa, anaweka kingine chembamba zaidi. Akavipanga kwenye sahani nyeupe pamoja na majani ya kabichi yaliyochemshwa bila chumvi, akasogeza taa karibu, akapiga picha.

Nikaendelea kujifanya nimelala. Mtu mzima akijifanya amelala huona mengi.

Mjukuu wangu huyu tulimwita Chiriku tangu utotoni, kwa sababu mdomo wake haukuwa na mlango. Mimi ndiye niliyemlea, na kushona nilimfundisha mimi, akiwa bado miguu yake haifiki kwenye kanyagio la cherehani. Sasa amenipita mbali. Wateja wanamletea magauni ya harusi na sare za shule, na sebule yake imejaa nguo zinazoning'inia mpaka mgeni akiingia hujikuta anaomba radhi kwa kanzu ya mtu.

Mumewe ni fundi wa majokofu, na tunamwita Barafu. Mimba ya mkewe ilipoanza kuonekana alikuja kunichukua mwenyewe, akanibebea hata mkoba wa mkononi. Njiani aliniambia, "Bibi, mwenzangu haongei tena. Anaongea na simu tu. Mimi sijui hata niulize nini."

Nilipofika ndipo nilipoelewa. Kulikuwa na mwanamke mmoja mtandaoni ambaye wajawazito wengi walimfuata. Wao walimwita Mwalimu wa Sahani. Alikuwa na kikundi chake kwenye simu, na kila asubuhi, kabla jua halijatoka, kila mama alitakiwa kutuma picha ya sahani yake ya kwanza. Mwalimu akiridhika anaweka alama ya kijani. Asiporidhika anaweka nyekundu, mbele ya wote, na mwenye nyekundu hushinda siku nzima kwa maji ya ndimu, eti anajisafisha. Chiriku hakuwahi kupata nyekundu. Kwenye kikundi walimwita Mama Kijani, na wengine walimwandikia kumwomba awaombee. Vyakula vilikuwa vinatolewa kimoja kimoja, kama wageni wanaofukuzwa shereheni. Sukari ilitoka kwanza, na hapo sikuwa na neno. Ikatoka chumvi. Yakatoka mafuta, nyama, maziwa, wali, mkate. Wiki niliyofika mimi yalikuwa yametoka mayai.

"Bibi, wewe kula mayai yako," aliniambia. "Ila uyalie uani, tafadhali. Harufu yake inanisumbua."

"Inakuletea kichefuchefu, au inakuletea tamaa?"

Aliinama akaendelea kupanga matango yake, na nikaona mifupa ya shingo yake imesimama kama kamba za kuanikia nguo.

Sikumgombeza. Nilijua hofu yake inatoka wapi. Mimba yake ya kwanza ilitoka mapema, akiwa amekwisha kushona kofia ya mtoto. Alilia akanyamaza, kisha akaanza kutafuta sababu kwenye simu, na huko ndiko alikokutana na Mwalimu. Mwalimu alimwuliza wiki ile alikula nini. Chiriku akajibu kwamba alikula nanasi na kunywa soda kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Mwalimu akaandika maneno machache tu: "Basi jibu lako umelipata." Jioni moja Chiriku alinionyesha maneno hayo. Alikuwa bado anayahifadhi.

Barafu naye alikuwa na siri yake. Nilimfumania kwenye bomba la uani, anasukutua mdomo kabla ya kuingia ndani.

"Mume wangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomtania, "mwanamume akisafisha mdomo kabla ya kuingia kwake, ama amelewa ama ana mwanamke."

"Nina mkate na mayai, mke mkubwa," akasema, na tukacheka wote wawili. Kisha kicheko chake kikakatika. "Akisikia harufu ya mafuta analia, bibi. Wala si kwa hasira. Analia kama mtoto mwenye njaa. Sasa mimi nakula nje, najisafisha, halafu naingia nakula naye kabichi."

Nikamtazama kijana wa watu, anabeba majokofu mgongoni kutwa, halafu anakula kabichi ya maji ili mkewe asile peke yake. Nikasema moyoni, mtoto huyu wazazi wake hawakulala katika kumlea.

"Na kliniki?"

"Anasema atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo yenyewe haifiki. Mwalimu wake kamwambia vidonge vya kuongeza damu ni uchafu wa kiwandani. Bibi, wewe anakusikia. Fanya kitu."

Nilifikiria usiku kucha. Nikaona maneno hayatafaa kitu, maana kwa maneno yule wa kwenye simu atanishinda. Nikaamua nitakula anachokula Chiriku, kipande kwa kipande, mpaka aone bibi yake anavyonyauka. Nilimjua. Tangu mdogo hakuweza kuvumilia kuniona nikiumwa, hata nikijichoma sindano yeye ndiye aliyelia. Akiona magoti yangu yanatetemeka, atakwenda mwenyewe dukani kuninunulia mayai, na hapo nitamwambia, sili mpaka ule.

Asubuhi nikaketi mezani, nikasukuma kiti changu karibu na chake. "Niwekee na mimi."

"Nikuwekee nini?"

"Hayo hayo. Na pima vizuri, usije ukanipunja."

Uso wa Chiriku ukafunguka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nifike. Akanikumbatia kwa nguvu, nami nikauhisi mgongo wake chini ya viganja vyangu, pingili baada ya pingili. "Bibi! Kweli? Nilijua wewe utaelewa!" Akatuma picha ya sahani mbili. Simu ikaanza kulia kama mvua ya mawe kwenye bati. Alama za kopa, kopa, kopa. Mwanamke mmoja alituma sauti akipiga vigelegele, mwingine akasema, "Bibi oyee! Bibi wangu mimi ananilazimisha maini!" Mwalimu mwenyewe aliweka kijani mara mbili, akaandika kwamba sisi ni mfano.

Hapo ndipo nilipojua nimekanyaga pabaya. Nilidhani nitamtia huruma, kumbe nilimtia nguvu. Kwa muda wote alikuwa peke yake katika jambo lile, na jambo unalolifanya peke yako huna budi kulitilia shaka siku moja. Sasa nilikuwa nimempa mwenzake. Jioni yake akaniambia kwa furaha, "Mwalimu anasema tutoe na maharage. Peke yangu nilikuwa naogopa. Ila sasa tuko wawili, bibi, tutaweza."

Barafu alisikia akiwa mlangoni. Alinitazama, akatazama chini, akatoka nje. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu anayenipenda.

Kesho yake sikula matango. Nilisema tumbo linaniuma, na kweli liliniuma, ingawa si kwa chakula. Barafu alikwenda kazini. Chiriku alijilaza chumbani, akasema amechoka kidogo tu, na mimi nikatafuta kazi ya mikono, maana mikono ikiwa na kazi akili hutulia. Nikachukua gauni lake la mimba.

Gauni hilo nililishona mimi, kitambaa cha bluu chenye maua madogo. Sisi tunaoshona magauni ya mimba tuna desturi moja. Ubavuni tunaacha kitambaa kingi ndani ya mshono, kimekunjwa na kushikizwa, halafu tumbo linavyokua tunafumua kidogo na kuachia. Nilikuwa nimepanga kuliachia siku ile. Nililigeuza nje ndani, nikatafuta mshono wangu wa ubavuni kwa kidole.

Nikakuta mwingine.

Ulikuwa umepita ndani ya mshono wangu, karibu zaidi na mwili, umeshonwa kwa mkono. Nilisogea dirishani. Pembeni yake kulikuwa na mwingine tena, mpya kuliko huo. Vilikuwa vishono vidogo vinavyorudi nyuma, sawasawa kama punje za mtama. Mkono ule niliujua, niliufundisha mwenyewe. Chiriku alikuwa amelibana gauni la mimba. Si mara moja, mara mbili, kwa siri, ili lisimpwaye, mtu akaona.

Katika maisha yangu yote ya kushona sikuwahi kuona gauni la mimba likibanwa.

Niliingia chumbani nalo mkononi. Alikuwa amelala ubavu, macho wazi, kiganja kimoja juu ya tumbo. Aliliona gauni limegeuzwa, akafahamu. Niliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, mtoto anacheza?"

Alivuta shuka mpaka kifuani.

"Chiriku. Anacheza?"

"Juzi alicheza."

"Na jana?"

"Kidogo." Akameza mate. "Leo bado."

"Umemwambia nani?"

"Nimeuliza kikundini. Mwalimu kasema mtoto anayelishwa safi hutulia. Kasema wanaorukaruka ndio waliojaa sukari." Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma, kisha sauti ikavunjika. "Bibi, nikienda watasema nimemuua na huyu."

Nilitamani kupiga kelele. Nilitamani kuitupa simu ile kwenye ndoo ya maji. Lakini mtoto anayeogopa kugombezwa ukimgombeza unamrudisha alikojificha. Nikachukua wembe wangu wa kufumulia, nikalitandaza gauni juu ya mapaja yangu, nikaanza kukata uzi wake, kishono baada ya kishono, yeye akiangalia. Nilipomaliza nikakata na wangu, nikaachia kitambaa chote kilichokuwa ndani mpaka gauni likawa pana kama pazia.

"Vaa," nikamwambia. "Tunakwenda sasa hivi. Na atakayekusema vibaya huko, ajue umekuja na mimi."

"Litanipwaya."

"Lipwaye. Wakuone ulivyo, wakusaidie."

Alinyoosha mikono juu kama alivyokuwa akifanya utotoni, nikamvisha.

Nilimpigia Barafu. Sikumaliza sentensi. Alikuja na pikapu ya kazini, nyuma kukiwa na jokofu la mteja lililofungwa kamba, na mteja mwenyewe, mzee mmoja mwenye miwani, amekaa mbele. Mzee yule alipotuona alishuka bila kuulizwa. Akampisha Chiriku kiti, akapanda nyuma na jokofu lake, akalikumbatia kama bibi harusi. "Twende, kijana," akasema. "Nyama yangu ikiharibika nitakula mboga." Silijui jina lake mpaka leo, lakini namwombea.

Njiani simu ya Chiriku haikunyamaza. Asubuhi ile hakuwa ametuma sahani. Niliona ujumbe ukiingia na alama nyekundu pembeni, na wengine wakifuata: Mama Kijani vipi? Mama Kijani umetuangusha? Vidole vyake vilikwenda kwenye simu, vikarudi tumboni, vikaenda tena. Barafu aliendesha taya zimekazwa. Kwenye kila tuta alipunguza mwendo mpaka pikapu ikakaribia kusimama, akalipita polepole kama amebeba mayai, kisha akakimbiza tena.

Kliniki mkunga alimtazama Chiriku mara moja tu, akatupitisha mbele ya foleni. Hakuna mama hata mmoja aliyelalamika. Mkunga alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini. Alimlaza kitandani, akalipandisha gauni, akapima tumbo kwa futi, na sikupenda jinsi alivyopima mara ya pili. Kisha akapaka jeli na kuweka kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto.

Kikakoroma kama redio isiyoshika kituo.

Akakisogeza. Kikakoroma. Akakisogeza chini, upande wa kushoto. Chiriku alikuwa amefumba macho na ameushika mkono wangu kwa nguvu mpaka pete ikanichoma. Barafu alisimama ameupa mgongo ukuta, midomo inacheza bila sauti. Mkunga akakigeuza kidogo, akasubiri, akakigeuza tena.

Ndipo tukausikia. Mbio mbio, mdogo, kama mtu anayegonga mlango ana haraka.

Barafu aliteleza ukutani akakaa sakafuni, mtu mzima na buti zake.

"Yupo," mkunga akasema. "Amechoka, na ni mdogo kuliko anavyotakiwa kuwa. Na wewe, mama, damu yako imekwisha, naona kwenye kope zako. Hamrudi nyumbani leo. Daktari anakuja kuwaona, na tutamsikiliza huyu mtoto mara kwa mara. Nisingependa kukudanganya kwamba hatari imepita. Lakini mmekuja wakati bado kuna la kufanya."

Chiriku akafumbua macho. "Dada, nikuulize. Mimba ya kwanza ilitoka. Nilikula nanasi. Niliiua mimi?"

Mkunga aliacha alichokuwa anafanya. Alivuta kiti akaketi, ingawa foleni nje ilikuwa ndefu na kila mtu ndani ya chumba kile alijua.

"Ni nani aliyekwambia hivyo?"

"Mwalimu. Wa mtandaoni."

"Alikupima?"

"Hapana."

"Alikuwepo?"

Chiriku akatikisa kichwa.

"Mimi pia sikuwepo," mkunga akasema, "kwa hiyo siwezi kukwambia ni kwa nini ilitoka. Mara nyingi hata sisi hatujui. Ila nanasi kwenye sherehe haliui mtoto. Wanawake wangapi wamekula nanasi, na watoto wao wako nje hapo wananichafulia ukuta. Hukumuua mtu, mama. Ulifiwa."

Chiriku alilia kilio ambacho naamini alikuwa amekibeba tangu siku ile. Hatukumnyamazisha. Mkunga alifungua droo, akatoa mkebe wake wa chakula cha mchana, akachukua yai moja la kuchemsha, akalimenya polepole, akamwekea kiganjani.

Chiriku alilitazama yai lile. Mkono wake mwingine ukaenda pembeni ya mto, pale ilipokuwa simu, ukaigusa, ukasimama. Simu ikatetemeka chini ya vidole vyake.

"Nikila nitamdhuru?" akanong'ona.

"Hutamdhuru."

Aliuma. Alitafuna kama mtu anayetafuna kioo. Alimeza, akashika mdomo, akangoja adhabu itoke juu. Haikutoka. Akauma tena, kisha akasema basi, hawezi zaidi, na mkunga akasema nusu inatosha kwa kuanzia, akachukua nusu iliyobaki akaila yeye mwenyewe, akaenda kuita mama aliyefuata.

Nisingependa mtu adhani mambo yalikwisha kwa nusu yai. Jioni alikataa uji, akasema una mafuta, na hata haukuwa nayo. Daktari alikuja, akazungumza naye peke yake kwa muda mrefu, akasema atamletea na mtu wa kuzungumza naye kuhusu hofu hii, kwa sababu nayo ni ugonjwa kama mwingine na ina tiba yake. Simu yake Chiriku alimpa Barafu, dakika chache baadaye akaidai, akaisoma, akalia, akampa tena. Kuna mwanamke mmoja wa kikundini alimwandikia kando, wengine wasione: "Mama Kijani, kama uko hospitali niambie. Na mimi wangu hachezi." Chiriku alimjibu papo hapo, maneno mawili: "Nenda sasa." Hilo alilifanya mwenyewe, hakuna aliyemtuma.

Saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha, mhudumu alipita kitanda kwa kitanda akituaga kwa upole. Nilimfunika Chiriku shuka, nikamwekea maji karibu, nikainuka. Mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa. Barafu alinishika kiwiko.

"Bibi."

"Naam, mwanangu."

Chiriku alikuwa amegeukia upande wetu, viganja vyote viwili tumboni.

"Amesogea. Sasa hivi. Kidogo."

Niliweka mkono wangu juu ya viganja vyake, nikangoja. Mimi sikuhisi kitu, lakini uso wake niliuona, nikaamini.

"Kesho uje tena," akasema. "Uje wakati wa kula, bibi. Peke yangu bado naogopa."